Mnara wa Bi Nasra, na Mimi Niliyeunyoosha

Leo nimeumbuka.

Naandika haraka kabla Mutiso hajawatumia video. Anayo kwenye simu yake, dakika nne nzima, na kila akiirudia anajipiga mapaja. Kwa hiyo bora mnisikie mimi kwanza. Nitasema yote, hata yale yanayoniuma.

Kwa wale wageni wa kundi hili: mimi ni Beno, fundi seremala, mtu wa Songea, huu ni mwaka wangu wa sita Maskati. Karakana yetu iko Wadi Kabir, katikati ya magereji. Ukipiga msasa meza, vumbi lako linakutana hewani na rangi ya jirani anayepuliza milango ya gari. Nafanya kazi na Mutiso, Mkamba wa Machakos. Yeye anachonga. Mimi napima, nakata, naunga. Na mimi ndiye mwenye pima maji, kile kifaa chenye kimrija cha maji na povu ndani yake. Povu likikaa katikati, kitu kimenyooka. Likikimbilia upande, kimepinda. (Ikumbukeni hiyo pima maji. Ina kesi.)

Wiki tano zilizopita alikuja Bi Nasra. Ni Mwomani wa Unguja. Aliondoka kisiwani akiwa msichana, akaenda kusomea unesi Uingereza, akaolewa hukohuko, akaishi miaka thelathini na kitu katika kijiji kimoja kidogo. Uzeeni ndipo akawafuata watoto wake hapa Maskati. Kabati zote za nyumba yake Ghubra nimezitengeneza mimi.

"Shikamoo, Bi Nasra."

"Marahaba, mwanangu. Nna kazi. Lakini leo si kabati."

Akatoa bahasha ya picha. Kumi na moja. Zote za kanisa moja.

Mimi ni Mkatoliki, kanisa si kitu kigeni kwangu. Lakini hili lilinifanya nisahau chai yangu mpaka ikaingia vumbi. Mawe matupu, ya kijivu, yamepangwa moja moja. Mnara wa mraba, mpana, juu una meno kama ya ngome zetu hapa Maskati. Pembeni ukuta umeegemezwa nguzo nene za mawe ili usisukumwe nje na uzito wa paa. Madirisha yake yamechorwa kwa mawe! Mawe yamechongwa membamba, yakapindishwa, yakakutana juu, na vioo vikakaa katikati. Mimi dirisha la mbao tu likinishinda pembe natukana. Hawa walifanya kwa jiwe, zaidi ya miaka mia sita iliyopita, bila umeme, bila winchi, kwa kamba na migongo yao.

"Na ndani ya mnara mna kengele sita," akasema Bi Nasra. "Tena si kengele za kugongwa. Kila moja imefungwa kwenye gurudumu. Ukivuta kamba, kengele yote inapinduka, mdomo unaangalia juu, inasita kidogo, halafu inarudi. Watu sita, kamba sita, kila mtu na zamu yake. Akikosea mmoja, kijiji kizima kinajua."

"Mama, wewe ulijuaje yote haya?"

"Jikoni kwangu dirisha lilikuwa linaangalia mnara. Na jirani yangu Edna alikuwa mmoja wa wale sita."

Basi akanieleza. Wiki ya kwanza kijijini hamjui mtu, kengele zilipigwa jioni mpaka vikombe vikacheza kabatini. Kesho yake Edna akabisha hodi na mayai, kuomba radhi kwa makelele. Hawakuachana tena. Watoto wamelelewa nyumba mbili. Ramadhani za kiangazi, jua la kule likikataa kutua, Edna alikuwa anakuja kukaa naye mezani naye pia hali kitu mpaka saa ifike. Sasa Edna ana miaka themanini, magoti yamekataa zile ngazi nyembamba za mnarani, na ameshaambiwa asipande tena. Na anakuja Maskati kumtembelea rafiki yake kwa mara ya kwanza.

"Yeye hawezi tena kuufuata mnara," akasema Bi Nasra. "Nataka mnara umfuate yeye. Nifanyie mdogo, wa mbao, kimo cha dhiraa moja, apande nao ndege. Fanya kama picha, Beno. Usiongeze, usipunguze."

"Sawa, mama. Kama picha."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu.

Sasa sikilizeni. Kwenye zile picha, mnara ulikuwa umeinama. Si sana, lakini jicho la fundi linaona. Nikamkumbuka Bi Nasra anavyotetemeka kidogo akishika kikombe. Nikasema, masikini, mama wa watu alishika kamera upande. (Picha kumi na moja. Zimepigwa miaka tofauti. Zote zimeinama upande uleule. Fundi mzima sikujiuliza.)

Mutiso alijiuliza.

"Beno, hebu angalia huyu mzee wa baiskeli hapa chini. Yeye amesimama wima. Ni mnara tu umeinama."

"Huyo amelewa."

"Amelewa, akainama, mpaka akawa wima?"

"Mutiso, chonga!"

Nikachukua rula, nikanyoosha. Jamani, niliona raha! Nilihisi naisaidia Uingereza.

Na mtu akishaanza kusaidia haachi. Ukuta wa kusini una madirisha matano, na hakuna mawili yanayofanana. La kwanza jembamba lenye ncha, la pili pana lenye maua matatu ya mawe, la tatu limenyooka juu kama mlango wa benki, na kadhalika. Nikaona hapa palikuwa na mafundi wasioelewana. Nikachagua lile zuri zaidi, la maua matatu, nikatengeneza kielelezo kimoja, nikakata yote matano sawasawa.

Halafu kuna ile sura. Juu kabisa, pembeni mwa mnara, imetokeza sura ya mtu wa mawe, macho yamemtoka, mdomo wazi, ulimi nje. Kanisani! Mutiso alikuwa ameshaichonga, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, nzuri mpaka inaudhi. Nikamwambia airudie.

"Kwa nini?"

"Ni aibu. Mfunge mdomo. Atabasamu kidogo."

"Mama alisema kama picha."

"Mama hawezi kutaka rafiki yake atolewe ulimi."

Akaichonga upya huku ananung'unika Kikamba. Ile ya kwanza akaitia mfukoni.

Lakini kengele, hapo nijisifu kidogo kabla sijajizika. Nilikwenda Hamriya, nikazunguka maduka mpaka nikapata kengele za shaba za kuwavalisha mbuzi. Nikachagua sita, kubwa mpaka ndogo. Tulizipiga tupa siku tatu, mpaka kila moja ikawa na sauti yake, kutoka juu kushuka chini. Nikatengeneza magurudumu sita, kila moja kama sarafu, na uzi unaozunguka. Ukuta wa nyuma wa mnara unafunguka kama mlango wa kabati. Ukivuta uzi, kengele inapinduka, inasita mdomo juu, inarudi. Mara ya kwanza ilipokubali, mimi na Mutiso tuliangaliana. Nilifikiria mtu aliyewaza jambo hili kwa kengele yenye uzito wa ng'ombe, juu kule, ndani ya mnara wa mawe, akaamini ukuta utahimili. Nilimheshimu kweli. (Halafu nikaendelea kumrekebisha.)

Wiki iliyopita Bi Nasra alipiga simu. "Nije nikatazame?"

"Hapana, mama. Nataka ushangae."

Ameshangaa.

Haya, leo. Ijumaa. Tulipakia kwenye pikapu, kanisa ndani ya blanketi, mnara nimempakatisha Mutiso. Mnara nimeuacha huru, haukugandishwa chini kwa gundi, ili ufungwe peke yake sandukuni kwa safari. Kila tuta niliendesha kama nimebeba maiti wa chifu. Nilivaa shati jeupe. Mfuko wa shati una pima maji ndogo. Mutiso akaiona.

"Hiyo ya nini?"

"Utaona."

Tukafika Ghubra baada ya watu kutoka msikitini na kula. Sebule imejaa: watoto wa Bi Nasra, wakwe, wajukuu, majirani wawili. Katikati ya sebule meza ndogo. Na kwenye kochi, Bi Edna. Mwembamba, nywele nyeupe fupi, viatu vya raba, vidole virefu vyenye nguvu. Nilipompa mkono alinibana mpaka nikaamini habari za kamba.

Nikapanga kanisa chini ya shuka. Bi Nasra akamshika Bi Edna mkono, wakavuta shuka pamoja.

Watu wakasema "Mashaallah!" kwa sauti moja. Wajukuu wakajaa. Nikafungua ule ukuta wa nyuma. Bi Edna alipoona magurudumu akatoa sauti kama msichana. Akapiga magoti kwenye zulia, magoti hayohayo yaliyokataa ngazi, akashika nyuzi mbili kwa vidole viwili. Akavuta. Kengele ikapinduka, ikasita, ikalia. Akavuta ya pili. Ya tatu. Zote sita, kutoka juu kushuka chini, bila kukosea, mara nne. Bi Nasra amefumba macho. Alipofumbua akasema neno moja tu, "Jumanne," maana Jumanne ndiyo ilikuwa siku yao ya mazoezi. Bi Edna akacheka akamkumbatia.

Ndugu zangu, ningeaga hapo. Ningechukua Mutiso wangu nikaondoka. Leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake.

Bi Nasra akainuka kwenda jikoni kuhimiza kahawa na kutafuta miwani yake. "Nnaona kivuli tu, nataka nilione kwa uzuri," akasema. Akaondoka. Yeye ndiye aliyekuwa anatutafsiria. Kwa hiyo yaliyofuata Bi Edna hakuelewa hata neno moja, na Bi Nasra hakuyasikia. Waliyasikia wengine wote.

Nilikohoa. Nikatoa pima maji.

"Jamani, angalieni hapa." Nikaiweka ubavuni mwa mnara. Povu katikati. Nikaihamisha upande wa pili. Katikati. "Mnaona? Wazee wetu wale wa zamani walijitahidi, tusiwalaumu, hawakuwa na vifaa. Mnara wao ulipinda kidogo. Madirisha nayo kila moja na lake. Nimeyaweka sawa. Bi Edna anarudi kwao na kanisa lililonyooka!"

Khalfan, mtoto mkubwa wa Bi Nasra, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo. Akaufunga. Majirani wakapiga makofi ya adabu. Mimi nikainama kidogo, mkono kifuani. (Ndiyo. Niliinama.)

Nikamgeukia Bi Edna. Alikuwa amerudi kochini, anautazama mnara kwa mbali. Akalaza kichwa kushoto. Akalaza kulia. Akavua miwani. Machozi yakaanza kumtoka.

Mimi moyo ukajaa. Nikasema, Beno, umemliza Mzungu kwa ufundi. Nikakaa karibu naye, nikampigapiga mkono. "Usilie mama, kazi ni kazi." Nikampungia Mutiso. "Piga picha! Piga na video!" Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia apige video.

Bi Nasra akarudi na miwani usoni, nyuma yake binti na dele la kahawa na sinia la tende. Bi Edna akamvuta mkono akaketi naye. Akamnong'oneza jambo, taratibu, huku anamsugua kiganja kwa kidole gumba. Bi Nasra hakututafsiria. Akauangalia mnara.

"Beno. Mnara wangu uko wapi?"

"Si huu hapa, mama."

"Huu wa nani?"

Nikacheka. Peke yangu.

"Mwanangu, ule mnara umeinama. Umeinama tokea hawajazaliwa babu zake Edna. Umeinamia upande wa nyumba yangu. Kwa miaka thelathini Edna akija kwangu anasema, mnara unainama kunusa pilau ya Nasra. Harusini kwa Khalfan kaisema. Mazikoni kwa mume wangu, Mungu amrehemu, nilikuwa silii wala sisemi, kaniambia hivyohivyo sikioni, nikaweza kula." Sauti yake ikashuka. "Sasa ananiuliza, Nasra, unaukumbuka ulikuwaje? Anadhani nimesahau. Anadhani nimeanza kupotewa, ndiyo maana nimeagiza kitu kisichofanana. Tazama alivyonishika mkono. Hivi ndivyo anavyoshikwa mgonjwa."

Yale hayakuwa machozi ya ufundi. Mama wa watu amesafiri nusu ya dunia, akafikiri rafiki yake ameanza kuondoka akiwa bado amekaa mbele yake.

"Mama, mwambie ni mimi. Mwambie mimi ndiye—"

"Simwambii mtu mimi. Mwambie mwenyewe."

Kiingereza changu, mnakijua, ni cha misumari na vipimo. Nikasimama katikati ya sebule. Nikasema "mimi" na "pole." Bi Edna akaniangalia bila kuelewa, bado kashika kile kiganja. Nikachukua picha mojawapo, nikaonyesha mnara, nikatikisa kichwa. Hakuelewa. Khalfan akataka kusaidia, mama yake akamtazama, akarudi nyuma.

Basi nikawa mnara.

Ndiyo. Nilinyoosha mikono juu ya kichwa, vidole juu kama yale meno ya ngome, nikainama kushoto mbele ya kadamnasi. Nikasimama hivyo. Kisha nikatoka kwenye mnara, nikawa fundi, nikatoa pima maji, nikajipima mwenyewe hewani, nikashtuka, nikausukuma mnara ukanyooka. Nikajipiga kifua. "Mimi!" Nikamwelekezea Bi Nasra kidole nikatikisa mkono: siye, siye huyu. Yeye anakumbuka. Mpumbavu ni mimi.

Bi Edna akaanza kunyanyua nyusi.

Nikaona nimalize na dhambi zote kwa pamoja. Nikaonyesha dirisha, dirisha, dirisha, kila moja na umbo lake kwa mikono, kisha nikawa msumeno, nikayakata yote sawa. Na ile sura! Nikatoa macho, nikafungua mdomo, nikatoa ulimi wote, mbele ya wakwe za watu, kisha nikajifunga mdomo kwa vidole viwili na kutabasamu kidogo. "Mimi," nikasema. "Pole."

Mjukuu mmoja akapaliwa na juisi.

Halafu Bi Edna akacheka. Alicheka mpaka akaegemea bega la Bi Nasra, Bi Nasra naye akaanza, wazee wawili wanatetemeka kwenye kochi moja, na kile kiganja sasa kimeshikwa vizuri, kama wanavyoshikana marafiki. Bi Edna akasema jambo katikati ya kicheko, na safari hii Bi Nasra akatutafsiria: "Anasema, alhamdulillahi, mgonjwa ni fundi."

Wakanikalisha. Wakanipa kahawa. Bi Edna akaanza kunieleza, Bi Nasra anatafsiri, na hapa jamani niliumbuka kwa namna nyingine, ya kimyakimya.

Ule mnara ulianza kuzama upande mmoja wakati bado wanaujenga. Ardhi ilikuwa laini. Wale mafundi hawakuubomoa. Waliuacha miaka mingi ardhi itulie chini ya uzito, wakafa wakiwa hawajauona mwisho wake. Waliokuja baadaye wakaupima kwa kamba na jiwe, wakaona umetulia, wakaendelea kupandisha. Waliomaliza hawakuwahi kuwaona walioanza. Na ukiwa umeinama hivyohivyo umebeba kengele sita zinazopinduka, kila juma, mpaka leo. Mimi na pima maji yangu nilidhani hawajui kunyoosha. Walijua. Walijua na kuinama.

Madirisha je? Kila moja ni la zama zake. Watu walipata uwezo, wakafungua dirisha jipya kwa mtindo wa siku zao, wala hawakuyagusa ya waliotangulia. Unatembea kando ya ukuta ule na kuwasoma mafundi mmoja baada ya mwingine. Mimi nimewafuta wanne.

"Na yule mwenye ulimi?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Ni mfereji," akasema Bi Nasra. "Maji ya mvua ya paa yanatokea mdomoni mwake, yasiingie ukutani. Edna anauliza, sasa umemfunga mdomo, mvua ikinyesha maji yatapita wapi?"

Khalfan akasema hapa Maskati haina neno, mvua tungoje mwakani. Watu wakacheka tena.

"Nitaufanya upya," nikasema. "Bi Edna anaondoka lini?"

"Jumatatu."

Mutiso akapiga mluzi. Siku tatu. Madirisha manne yanawezekana, tukilala karakana. Lakini mnara uliokatwa wima kila ubao, na kengele sita ndani zilizosawazishwa kwa siku tatu, kuukata upya uiname? Nikaeleza. Kukata kitu kiiname vizuri ni kazi ngumu kuliko kunyoosha. Nilikuwa karibu kulia.

Bi Nasra akanisikiliza huku anakula tende. Akatoa kokwa mdomoni, akaipangusa kwa kitambaa, akainuka. Akauinua mnara wangu upande mmoja kwa vidole viwili, upande ulio mbali na kochi lake. Akaisukuma ile kokwa chini.

Akauachia.

Mnara ukainama. Kidogo tu. Kumwelekea yeye.

Bi Edna akaweka mkono mdomoni. Akasema maneno machache, na sikuhitaji tafsiri, maana Bi Nasra aligeuka kuelekea jikoni na kupaza sauti: "Leteni pilau iliyobaki, mnara una njaa!"

Wakapiga makofi. Si yale ya adabu niliyopata mimi. Haya yalitingisha vikombe. Wiki tano za rula, timazi na msasa, nimeshindwa na kokwa ya tende. Bi Edna akachukua pima maji yangu mezani, akaiweka ubavuni mwa mnara, akanionyesha povu limekimbilia pembeni kabisa. Akanipigapiga mkono. "Kazi ni kazi," akasema, kwa Kiswahili. Alikuwa ameyashika maneno yangu.

Kabla hatujaondoka, Bi Nasra alinivuta kando. Nikajua sasa ndiyo nasemwa. Akasema tu, "Umefanya vyema kumwambia mwenyewe. Nilitaka akuone uso." Akaniongezea na halwa ya kwenda nayo. Nikasema shikamoo ya pili. (Akaitikia.)

Sasa ni jioni, tuko karakana, kanisa tumerudi nalo. Madirisha mawili ya zamani nimeshayarudisha. Kokwa nimeigandisha kwa gundi mahali pake, povu likiwa pembeni, na pima maji nimeiweka kwenye droo ipumzike. Mkinialika kwenu, kahawa nitakunywa. Tende msinikaribishe, angalau mwezi huu.

Imebaki ile sura. Nikamwambia Mutiso atoe ile ya kwanza aliyoitia mfukoni. Akasema anayo, lakini haitakiwi tena. Tulipokuwa tunaaga Bi Edna kamwagiza nyingine, kupitia kwa Khalfan. Inasemekana wale mafundi wa zamani walikuwa wakichonga pale juu sura ya msimamizi wao aliyewasumbua, na Bi Edna anaona ni vizuri desturi isife. Tena amesisitiza iwe kama alivyoiona leo sebuleni, macho nje, ulimi wote.

Kwa hiyo Jumatatu mimi Beno wa Songea naenda Uingereza, nikiwa na ukubwa wa ukucha. Saa hizi nimekaa juu ya ndoo ya rangi, taa usoni, ulimi nje, simu mkononi nawaandikia nyie. Mutiso yuko mbele yangu na patasi, anasema nimekaa vizuri, nisitikisike.

Ombi langu ni moja, mtu asinitumie kichekesho hapa. Nikicheka ulimi unahama, na jamaa anasema tutaanza upya.